Kumbukumbu ya mradi: nyundo za Kamukunji katika uhalisia pepe

Filamu yangu fupi ya uhalisia pepe kuhusu mafundi wa bati wa Jua Kali ya Kamukunji, Nairobi, sasa ina onyesho la kwanza lililokamilika, na kilichochelewesha kazi ni sauti. Katika sinema ya kawaida mwongozaji huchagua fremu, na mtazamaji hana budi kutazama kilichomo. Katika video ya nyuzi 360 fremu hiyo haipo. Aliyevaa miwani ya uhalisia pepe anaweza kumpa fundi kisogo na kukodolea macho paa la mabati hadi mwisho. Lakini mtu akisikia kishindo nyuma yake hugeuka bila kuambiwa. Mwanahabari wa Marekani Nonny de la Peña alipopeleka kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2012 kazi yake ya uhalisia pepe kuhusu foleni ya chakula Los Angeles, watu walioonekana walikuwa wameundwa kwa kompyuta, ilhali sauti zilirekodiwa kwenye foleni halisi, na sauti hizo ndizo zilizoibeba kazi.

Shida ya Kamukunji ni kwamba kishindo hutoka kila upande, kama anavyojua yeyote aliyewahi kwenda huko mwezi wa Januari kumnunulia mtoto wa bweni sanduku. Kinasa sauti changu cha ambisoniki kina maikrofoni nne ndogo zilizoelekezwa pande tofauti, na programu hulinganisha sauti zilizoingia katika kila moja ili kubaini zilikotoka, hivi kwamba mtazamaji anapogeuza kichwa, nyundo hubaki palepale ilipokuwa. Rekodi ya saa nne asubuhi haikuwa na dosari yoyote ya kitaalamu, na bado haikunifaa, kwa sababu hakuna nyundo iliyomwita mtazamaji kuliko nyingine.

Kwa hiyo nilirudi alfajiri, kabla karakana hazijajaa, nikamrekodi fundi mmoja akikunja kingo za sanduku, maikrofoni ndogo ikiwa imebanwa kwenye ukosi wa ovaroli yake. Onyesho linaanza na nyundo yake pekee, kushoto, nyuma kidogo ya mtazamaji. Nyingine zinaingia mojamoja, na ghasia inapotimia mtazamaji amekwisha kumgeukia mwenyeji wake.

Upande wa picha, kamera ina lenzi mbili zilizopeana mgongo, na picha zake huunganishwa ubavuni. Kitu kilicho karibu mno kikipita kwenye mshono huo hukatika: mpini wa nyundo unaonekana mkononi, na kichwa chake kimesogea pembeni peke yake. Fundi amekaa mbele ya lenzi moja, hatua mbili hivi kutoka kwa kamera, nayo iko kwenye kimo cha mtu aliyeketi kwenye kigoda. Nilipoijaribu kwa kimo cha mtu aliyesimama, mtazamaji aligeuka askari wa kanjo aliyekuja kukagua leseni.

Mimi nilijibanza nyuma ya rundo la masanduku, kwa kuwa hakuna upande ambao kamera haiuoni.

“Sasa kijana, ukijificha huko, mimi naongea na nani?”

“Ongea na hiyo kamera, mzee, kama mgeni aliyekuja kukutembelea.”

Tangu hapo aliacha kunitafuta kwa macho, na maelezo yake yakanyooka.

Wazo la kuisukuma kamera juu ya mkokoteni nimeliacha: macho yakiona mwendo ambao sikio la ndani, linalotunza mizani ya mwili, haliuhisi, mtazamaji hupata kichefuchefu. Pia pikseli 5,760 za upana zinaenea mduara mzima, na aliyevaa miwani huona takriban robo yake kwa wakati mmoja, yaani 1,440 hivi, kwa hiyo chochote ninachotaka kisomeke lazima kiwe karibu.

Onyesho la pili ni la wapaka rangi, ambao kazi yao haina kishindo. Huko nitategemea mwanga, ingawa jua la nje na kivuli cha banda vinaingia katika picha moja. Nitaifunga kamera kwenye kipimo cha mwanga wa kivulini na kuacha barabara iungue kwa weupe, kwani huko nje sina ninachotaka mtazamaji akione.