Montigomeri, kwa ti

Jumatano usiku mwanangu alikuja na daftari. Mwalimu wao wa darasa la sita amewaagiza kila mmoja aandike maana ya jina la ukoo wake. Wenzake wamepata majibu upesi: mmoja jina lake ni njaa, mwingine ni mvua, mwingine babu yake alizaliwa safarini. Yeye ameandika "Montigomeri", akapiga mstari kwa rula, halafu akabaki ananitazama.

"Baba, maana yake nini?"

Nikamwambia asubiri kidogo. Leo Jumamosi, bado anasubiri.

Maana ninaijua. Niliifuata mpaka kwao, Aprili 2006, wakati nasoma Caen, Ufaransa.

Jina lilianza na babu yangu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitoka Songea akiwa payonia, akaenda kuwachimbia Waingereza mahandaki na kuwapakulia makombora huko Misri, akarudi na koti, blanketi na jina. Siku moja Jenerali Montgomery, mkuu wa jeshi la Waingereza huko, alipita na gari mbele ya kikosi chao, amevaa kofia laini yenye beji mbili. Ile beji ya pili babu hakuisahau mpaka anaingia kaburini. "Watu wote beji moja, yeye mbili," alikuwa akisema, na anaonyesha kwa vidole mahali zilipokaa. Mwaka 1946 baba akazaliwa, akapewa jina hilo. Padre wa misheni, naye Mjerumani, akasema hakuna mtakatifu wa namna hiyo, akambatiza Alois. Babu akaitikia amina, wakarudi nyumbani, na mtoto akaendelea kuwa Montigomeri. Shuleni alikofundisha miaka yote wakamwita Mwalimu Monti.

Basi nikiwa Caen, nikisoma habari za vita kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, nikakuta habari ya ripoti. Mwishoni mwa mwaka 1947 Montgomery, wakati huo mkuu wa jeshi la nchi kavu la Uingereza, alizunguka Afrika, kisha akaiandikia serikali yake maoni yake kwa siri. Jalada lilikuja kufunguliwa London mwaka 1999. Humo alisema Mwafrika ni mshenzi kabisa, hawezi kuiendeleza nchi yake mwenyewe. Nikapiga hesabu. Wakati mtu huyo anaandika hayo, baba yangu alikuwa anajifunza kutembea Songea, akiitwa kwa jina lake.

Nilitoa nakala ya ukurasa ule, nikaikunja mara nne, nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Wiki nzima sikulala vizuri. Nilikuwa nataka jina liwe na mwenyewe mwingine, yeyote, ambaye ningeweza kumpelekea baba.

Nilimpata. Jina hilo, kabla halijawa la watu, lilikuwa la mahali, na mahali penyewe pako mwendo mfupi kutoka nilikokuwa naishi. Ni vijiji viwili vidogo kusini mwa Livarot, Sainte-Foy-de-Montgommery na Saint-Germain-de-Montgommery. Tangu mwaka 2016 vimeunganishwa na jirani zake viwili kuwa Val-de-Vie, lakini wakati ule kila kimoja kilikuwa bado kinajitegemea. Maana yake ni mlima wa Gumarik. Gumarik ni jina la kale la Kijerumani, ndani yake mna mtu na mna nguvu. Kwa hiyo padre wa Songea alikataa jina ambalo nusu yake ni ya kwao.

Kutoka hapo jina likaanza kutembea. Roger wa Montgomery alikuwa mtu wa karibu wa William, yule aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, akapewa ardhi mpakani mwa Wales, akajenga ngome akaipa jina la kwao. Mji uliokua karibu na pale unaitwa Montgomery hadi leo, ila Wawelshi hawakulikubali. Wao wanauita Trefaldwyn, mji wa Baldwin. Mwaka 1559, tarehe 30 Juni, Gabriel wa Montgommery alikuwa akicheza mchezo wa mikuki na mfalme wa Ufaransa, Henri wa Pili, mjini Paris. Mkuki wake ukavunjika, kibanzi kikaingia jichoni mwa mfalme. Mfalme alikufa siku ya kumi. Miaka 15 baadaye Gabriel, akiwa sasa upande wa Waprotestanti, alikamatwa na kukatwa kichwa. Richard Montgomery, mzaliwa wa Ireland, aliuawa akiwaongoza Wamarekani kuishambulia Quebec alfajiri ya siku ya mwisho ya mwaka 1775, na mwaka 1819 jina lake likapewa mji wa Alabama. Huo ndio mji ambao Rosa Parks, mwanamke mweusi, alikataa kuinuka kumpisha Mzungu kwenye kiti cha basi, Desemba mosi 1955, na watu weusi wakagomea mabasi, wakatembea kwa miguu siku 381. Na kule Punjab Waingereza walijenga mji wakauita Montgomery kwa heshima ya gavana wao, babu mzaa baba wa jenerali wetu. Wapakistani walikuja kulifuta, wakarudisha Sahiwal.

Wawelshi wana lao, Wapakistani walilirudisha la kwao. Sisi tuko nalo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi kama leo. Treni hadi Lisieux, basi hadi Livarot, kisha miguu. Barabara ile, tarehe 17 Julai 1944, ndege za upande wa Waingereza ziliishambulia gari ya Rommel, jemadari wa Wajerumani, yeye akapasuka fuvu la kichwa. Rommel ndiye aliyepigana na Montgomery jangwani, na bahati yake ikaja kumwishia huku, mlangoni pa kijiji chenye jina la adui yake. Nilijua baba ataipenda hiyo, nikamwekea.

Kibao cha kijiji kilikuwa cheupe chenye ukingo mwekundu, kimelowa manyunyu. Herufi "m" ziko mbili katikati, na "t" ipo. Nikaipapasa ile "t" kwa kidole. Ng'ambo ya barabara miti ya matofaa ilikuwa imeanza kuchanua, na chini yake ng'ombe weupe wenye mabaka ya kahawia kuzunguka macho, kama wamevaa miwani. Mzee mmoja alikuwa anakaza waya wa uzio. Nikatoa simu, nikapiga Songea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefika?"

"Nimefika. Nimesimama kwenye kibao chetu."

Nilisikia kuku, na punje za maharage zikidondoka kwenye ungo. Alikuwa anachambua.

"Na mlima?"

Hilo ndilo alilokuwa ameniuliza tangu nilipomwambia maana. Nikamwambia ukweli: hakuna mlima, ni vilima vya majani tu, Matogoro ingevifunika vyote na ikabaki.

Ungo ukanyamaza. Kisha akasema, "Kuna mtu hapo? Mtu wa hapohapo?"

"Yupo mzee mmoja."

"Mwambie alitaje. Nataka kusikia wenyewe wanalitajaje."

Nikavuka barabara. Kwa Kifaransa changu cha wakati ule nikamweleza yule mzee kwamba baba yangu yuko Tanzania, ana jina la kijiji hiki, anaomba kulisikia. Alinitazama, akautazama uso wangu wote taratibu. Hakuuliza imekuwaje. Aliweka koleo yake juu ya nguzo, akajifuta mikono kwenye suruali, akaipokea simu kwa mikono miwili, akaileta mbele ya mdomo.

"Mongomri," alisema.

Nikasikia sauti ya baba, mbali, "Nini?"

"Mon-gom-ri." Safari hii polepole, kwa sauti ya juu, jinsi watu wanavyoongea na aliye ng'ambo ya bonde.

"Mbona ameacha ti?"

Kabla sijatafsiri, baba akaingia darasani. Naijua sauti ile, nimekaa mbele yake miaka miwili nikiwa mwanafunzi wake. "Mon-ti-go-me-ri," alisema, kila silabi mahali pake. "Mon. Ti. Go. Me. Ri."

Yule mzee akakunja uso, akasikiliza. Akajaribu. "Mon... ti... go... me... ri."

"Vizuri sana!" baba akasema. "Tena."

Akarudia. Mvua ilikuwa inampiga kwenye kofia na hakujali. Kisha baba naye, upande wake, akajaribu ya kwao, "Mongomri," na mzee akatikisa kichwa kwa nguvu, "Oui, oui, monsieur, c'est ça," kana kwamba baba anamwona. Walirushiana jina hilo mara tano au sita, huku bila ti, kule kwa ti, wala hakuna aliyekuwa anamsahihisha mwenzake tena. Mimi nilisimama katikati nikiwa na mkono kifuani, juu ya mfuko wa ndani wa koti.

Nilikuwa nimepanga kumwambia siku ileile. Nilijiambia, kwanza asikie jina ni la wakulima, lina zaidi ya miaka elfu, ndipo nimsomee karatasi. Sauti ya mwanamke wa kadi ya simu ikasema imebaki dakika moja. Mzee akanirudishia simu. Baba alikuwa anacheka huku anapumua kwa shida. "Mwambie ahsante," alisema. "Mwambie na babu yako anamshukuru." Ikakatika.

Yaliyofuata ni mafupi. Baba alimsimulia kila mtu Songea, na kila mgeni alifundishwa kutamka namna zote mbili. Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata, nikakaa naye likizo tatu nzima, sikumwambia. Alifariki 2013. Fundi wa msalaba aliniuliza jina lina "m" ngapi, nikamwambia aandike kama baba alivyoandika: moja, na ti, na i yake.

Sasa sijui kama nilimlinda au nilimnyima. Alikuwa mwalimu, alipenda kujua, na angeweza kulitupa jina hilo kama angetaka. Au angelishika kwa nguvu zaidi, kwa sababu lilitoka mdomoni mwa baba yake. Sikumpa nafasi ya kuchagua.

Karatasi iko ndani ya kamusi yangu ya Kifaransa, imechakaa kwenye mikunjo. Jana usiku niliitoa, nikaiweka mezani karibu na daftari la mtoto, nikaisoma tena, nikairudisha. Asubuhi aliniuliza tena akiwa anakunywa uji. Nikaanza na mlima, nikamwambia kuna mtu wa kale aliyeitwa Gumarik, alikuwa na kilima chake.

"Yeye ndiye babu yetu?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini ni jina letu?"

Daftari linakusanywa Jumatatu.