Bethlehemu ya London

Masomo: 1 Samweli 21:10–15, Marko 5:1–20

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kiingereza kina neno la kale, bedlam, lenye maana ya fujo na ghasia, mambo shaghalabaghala, kila mtu anapiga kelele na hakuna anayesikilizwa. Siku hizi halisikiki sana. Lakini lina ukoo wake, na ukoo huo unatuhusu sisi tunaoimba habari za Bethlehemu kila Desemba, maana bedlam ni Bethlehemu yenyewe. Ni jina la mji alikozaliwa Bwana, lililopita midomoni mwa watu wa London vizazi na vizazi hadi likafupika na kupinda: Bethlehem, Bethlem, Bedlem, Bedlam.

Mwanzo wake ulikuwa sadaka. Mwaka 1247 Simon FitzMary, tajiri aliyewahi kuwa sherifu wa London, alitoa ardhi yake nje ya lango la Bishopsgate ili ijengwe nyumba ya watawa wa kanisa la Bethlehemu. Watawa wale walivaa alama ya nyota. Kazi yao ilikuwa kukusanya michango ya Nchi Takatifu na kumpa askofu wa Bethlehemu mahali pa kufikia akija Uingereza. Wagonjwa wa akili hawakuwamo katika mpango huo. Nyumba ilipokea maskini, polepole ikawa hospitali, na wakaguzi walipoingia mwaka 1403 walikuta humo wanaume sita ambao hati ya Kilatini inawaita watu waliopokonywa akili. Wala wakaguzi hawakuja kwa ajili ya hao sita. Walikuja kwa sababu bawabu, mtu aliyeitwa Peter, alilalamikiwa kwamba anakula mali ya hospitali. Orodha ya vitu vya nyumba hiyo iliyoandikwa miaka michache kabla inataja minyororo, pingu na makufuli.

Neno nalo likaanza safari. Kwanza lilikuwa nyumba ile moja, kisha nyumba yoyote ya wagonjwa wa akili. Halafu likamvaa mgonjwa mwenyewe: aliyechanganyikiwa akaitwa bedlam, na ombaomba waliotangatanga wakidai wametoka huko wakajulikana kama Tom wa Bedlam. Kufikia karne ya 17 lilikuwa limeshatoka hospitalini kabisa. Vurugu ya mahali popote ikaitwa kwa jina la mji wa Daudi.

Mwaka 1676 hospitali ilihamia Moorfields, katika jengo lililochorwa na Robert Hooke, refu na la fahari kama ikulu. Juu ya lango waliweka sanamu mbili za wanaume wamelala, mmoja amezama katika huzuni, mwingine amepagawa na yumo minyororoni. Na watu wakawa wanakwenda kutazama. Simaanishi jamaa za wagonjwa. Ni watu wa mjini waliotafuta burudani, wakapita kwenye vyumba wakiwacheka waliomo, na pengine kuwachokoza ili waone watafanya nini. Wasimamizi waliwaruhusu kwa kuwa mgeni akiingia huacha kitu katika sanduku la maskini. Umati ulikuwa mkubwa zaidi siku za sikukuu, Pasaka na Krismasi zikiwemo. Hebu fikirini, wapendwa: asubuhi mtu yuko kanisani anasikia habari za mtoto aliyelazwa horini Bethlehemu, na mchana yuko Bethlehemu nyingine anachekelea. Kuingia ovyo kulikomeshwa mwaka 1770.

Tunaambiwa neno hili lilipata maana ya fujo kwa sababu ya kelele za wagonjwa. Kelele zilikuwepo, sikatai. Ila nikiisoma historia hii naona fujo nyingi zilitoka kwa wenye akili timamu: bawabu anayeiba, mgeni anayecheka, daktari asiyefika wodini. Mwaka 1814 Edward Wakefield, mtetezi wa wagonjwa wa akili, alikwenda kukagua akamkuta James Norris, baharia kutoka Marekani, amefungwa kola ya chuma shingoni, kola yenyewe imeunganishwa na nguzo ya chuma ukutani, na mshipi wa chuma kifuani. Aliweza kusimama na kulala chali, basi. Alikuwa ameishi hivyo kwa miaka karibu kumi. Na mtu huyo alisoma vitabu na magazeti, akazungumza na wageni wake kwa utaratibu kabisa. Bunge liliunda kamati mwaka 1815, Uingereza nzima ikashtuka. Norris alikuwa ameshafunguliwa, lakini alifariki mwaka huohuo. Katika chumba kile, nani alikuwa mwenye machafuko?

Tusiwanyoshee vidole Waingereza, maana hata sisi tunalo neno letu. Mirembe ni hospitali ya Dodoma, watu wanatibiwa pale wakarudi makwao wakalima na kulea watoto. Lakini mtaani, na hata kwenye vikao vyetu vya kanisa, mtu akitoa wazo la ajabu utasikia, "Huyu apelekwe Mirembe," na wote wanacheka. Nairobi wanasema hivyohivyo kuhusu Mathari. Mama ambaye kijana wake amelazwa huko amekaa benchi la tatu, ameyasikia hayo, na Jumapili ijayo hatasimama kuomba tumwombee mwanawe. Mtu akiugua malaria au akifanyiwa upasuaji jina lake linasomwa mbele ya usharika. Akiugua akili, familia inafunga mlango.

Kisha wengine wetu tunachukua maneno ya Paulo, "Mungu si Mungu wa machafuko, bali wa amani" (1 Kor 14:33), tunayatumia kumtoa nje mtu anayesumbua ibada. Paulo alikuwa anawaambia Wakorintho wazima, wenye karama zao, waache kunena wote kwa mara moja. Mwenye maradhi hakumtaja kabisa.

Turudi kwenye Biblia, tuone Wabethlehemu wenyewe. Daudi mwana wa Yese, mzaliwa wa Bethlehemu, alimkimbia Sauli akafika Gathi, mji wa Wafilisti, akaogopa, akajifanya mwenye wazimu. Alikwaruza mbao za lango, mate yakamtiririka ndevuni. Naye mfalme Akishi akawauliza watumishi wake kama yeye ana upungufu wa wendawazimu hata wakamletea huyu. Kwa hiyo karne nyingi kabla London haijawa na Bedlam, Mbethlehemu aliyepakwa mafuta kuwa mfalme amesimama langoni, watu wanamtazama kama kichaa, na mwenye nyumba anasema mtoeni. Aliigiza, ndiyo. Lakini kudharauliwa alikopata hakukuwa maigizo.

Na yule Mbethlehemu mkuu zaidi? Marko 3:21 inasema jamaa zake walitoka kwenda kumkamata, wakidai amerukwa na akili. Jamaa zake! Ni mstari ambao hatuuhubiri mara nyingi. Bwana wetu anajua jinsi inavyokuwa kuzungumzwa na watu wa nyumbani mwako kana kwamba haupo.

Sura mbili mbele anavuka ziwa, anamkuta mtu wa makaburini. Watu wa pale walikuwa wamejaribu njia moja tu, ileile ya orodha ya London: pingu na minyororo, mara nyingi. Usiku na mchana alipiga kelele na kujikata kwa mawe, wao wakaendelea na kuchunga nguruwe. Walishazoea. Kilichowatia hofu kinaonekana mstari wa 15: walimkuta "ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, wakaogopa." Yesu alikuwa amezungumza naye. Alimwuliza jina lake, swali ambalo yaelekea hakuna mtu aliyemwuliza kwa miaka. Alipopona akataka kusafiri na Yesu, na sishangai, maana kijijini kila mtu alimjua kwa kelele zake. Yesu akamkatalia, akamwambia aende nyumbani kwa watu wa kwao. Mzigo ukawa wa watu wa kwao sasa.

Wako waamini waliolielewa agizo hilo. Mwaka 1790 mwanamke wa jumuiya ya Wakristo waitwao Wakweka (Quakers), Hannah Mills, alifariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini York, baada ya wenzake wa imani kuzuiwa kumwona. William Tuke na Wakweka wenzake wakaanzisha nyumba yao wenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1796, ambako mgonjwa alipewa kazi za bustani, chakula kizuri na mazungumzo ya heshima. Minyororo hawakuitaka. Na huku kwetu, Lutindi katika milima ya Usambara, wamisionari kutoka Ujerumani walijenga makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 mahali hapo pakaanza kutunza wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo inaendelea na kazi hadi leo chini ya kanisa la Kilutheri. Hata Bethlem ya London bado ipo, ilihamia pembezoni mwa jiji mwaka 1930, na inatibu watu kama hospitali nyingine yoyote.

Dawa na maombi havigombani, wapendwa. Kama kuna nyumba ya maombi mnayoijua ambako mgonjwa anafungwa kamba akingoja upako, nendeni mkazungumze na wahusika, na familia isindikizwe kliniki. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, juma hili ulizeni kwa faragha, nyumba kwa nyumba, ni nani hatujamtaja kwenye maombi, na kama familia inaridhia jina lake lisomwe pamoja na ya wengine.

Siku ya maombi ya katikati ya juma tutasoma Zaburi 34, yenye mstari wa 18: "Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo." Atakayesoma aanze na maandishi yaliyo juu ya zaburi, ambayo wengi tunayaruka: Daudi aliitunga alipobadili tabia yake mbele ya mfalme wa Wafilisti, akafukuzwa, akaenda zake.