Nipe mwanangu

Jumapili mama kapiga simu. Nikapokea, "Shikamoo mama," akaitika marahaba, kisha kimya. Nikadhani mtandao. Kumbe ananisikiliza.

"Huyo nani?"

"Mimi, mama."

"Huyo wa ofisini. Mrudishe kazini kwake, unipe mwanangu."

Nikacheka, na hata kicheko kikatoka kile kile cha zamu: kifupi, safi, kinaishia juu. Tukaongea habari za shamba na mguu wa mjomba, tukaagana. Tangu hapo maneno yale nayarudia jikoni, kwenye daladala, hata nikiswali yananipitia. Mrudishe! Wala hakugomba. Angegomba ningejitetea.

Kazini kwetu, kupokea simu za wateja, tulifundwa haswa. Kila meza ina kioo kidogo, ukipokea simu ujitazame meno. Mteja hakuoni, lakini tabasamu analisikia: midomo ikitanuka, njia ya sauti inafupika kwa mbele, maneno yanatoka maangavu. Si uongo, nimewapoza kwa hilo watu waliopiga wakinitukania wazazi. Ila mama alisikia meno, tabasamu hakulisikia.

Na mama huyu ndiye shabiki wa Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013 na mikwaruzo yake yote kooni. Ukimuuliza kwa nini hasikilizi waimbaji wenye sauti laini, anakujibu, "Laini ya nini, samli?"

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: Mwanaidi kaletewa posa, zamu za usiku zimefutwa, mume wangu Sele kapata barua ya uhamisho wa Dodoma.

Alhamisi usiku ukaingia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, mrefu. Mama kabonyeza bila kujua, nina hakika. Ungo unapepetwa, kuku wanafukuzwa, halafu anaanza kuimba kwa puani ule wimbo wake usio na maneno, aliokuwa akituimbia tukishikwa na homa. Unapanda, unakatika anapopuliza pumba, unaendelea pale pale ulipoachwa. Umeme ulikuwa umekatika, nimeusikiliza gizani nikajikuta naita, "Maaa!", ile ya uwanjani kwetu, mpaka Sele akakurupuka akiuliza kuna nini. Nimecheka hadi machozi, na kicheko hicho ofisini wangeniandikia onyo.

Sele anatakiwa kuripoti tarehe mosi. Shule ya mtoto wetu Hawa huko Dodoma hatujaulizia hata moja, na mwenye nyumba anasema kodi tuliyolipa mbele harudishi hata senti.