Tulivyowahi siku 30 za tangazo la taka za mafuta

Tangazo lenyewe nililikuta limefungia mahamri, asubuhi moja hapa Miritini, Mombasa. Karatasi ilikuwa imelowa mafuta, lakini maandishi yalisomeka: kampuni fulani inaomba leseni ya kujenga mahali pa kutupia mabaki ya mafuta yanayotolewa melini, na mwenye maoni ayapeleke NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndani ya siku 30. Nikatafuta tarehe. Siku 19 zilikuwa zishapita.

Nilihamaki. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka tangazo kama hilo litoke wiki mbili mfululizo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kwenye gazeti linalosomwa eneo husika, na liseme ripoti ya athari kwa mazingira inapatikana wapi. Kanuni za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike mabango, atangaze redioni na afanye mikutano isiyopungua mitatu na wakazi. Mimi bango nililoliona ni moja, kwa Kiingereza, kwenye lango la kiwanja chenyewe, ambako hapiti mtu ila malori.

Kesho yake nikapanda matatu hadi ofisi iliyotajwa, nikaomba ripoti, nikakaa kuisoma palepale. Ukiipata ripoti ya namna hii usianze ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye ramani na sehemu ya maji. Humo nikakuta mtaa wetu wote umeandikiwa visima vitatu. Visima vitatu, na sisi maji ya bomba huja siku yanapotaka!

Jioni nikaenda kwa mzee wa mtaa. "Mwanangu, hao washaamua," akaniambia. Nikamkumbusha Owino Uhuru, papa hapa Mombasa, ambako madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri yaliingia kwenye damu za watoto. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na bado ikabidi wafike Mahakama ya Juu, iliyoamua Desemba 2024. Wale walishtaki watu washaumia. Sisi tulikuwa na siku kumi za kusema kabla. Akanyamaza, akavaa kofia yake, tukatoka.

Tulizunguka siku tatu na daftari na kamba iliyofungwa jiwe. Kila kisima tuliandika mwenyewe, kina chake, na nyumba ngapi zinachota hapo. Imamu akatangaza baada ya swala ya Ijumaa, kanisani wakatangaza Jumapili, watu wakaanza kutuita wenyewe. Tulipata visima 17.

Barua ilikuwa kurasa mbili, kwa Kiswahili, na sahihi 64. Hatukuandika "tunapinga" tukaishia hapo. Tuliuliza tope la mafuta likivuja litaelekea visima vipi, nani atapima maji, na majibu yatabandikwa wapi. Tukaomba kikao cha hadhara. Nakala yetu tukaigongesha muhuri wa kupokelewa, na wewe usiondoke bila muhuri huo. Zilibaki siku mbili.

Kikao kilifanyika uwanja wa shule, na kampuni ikaambiwa irekebishe ripoti. Ilipotoka, Mama Zuhura aliniita barazani kwake. "Hebu nisomee changu."

Kisima namba 9, pima nne, nyumba 11.

"Kumi na mbili," akasema. "Zuhura kashajenga."

Nikaandika pembeni kwa kalamu.