Rangi ya nje ya nyumba ya mzee, hatimaye imekaa

Nyumba ya mzee hapa Moshi ilijengwa 1962, paa la mteremko mdogo, matofali ya matundu barazani, sasa mimi nikaichagulia krimu kwenye kile kikadi cha dukani cha kuonyeshea rangi, kupaka ukuta wa mbele tu jua la saa sita likaifanya nyeupe pee mpaka macho yanauma. Fundi akacheka. Nikachukua makopo matatu ya lita moja, kila moja rangi yake, nikapaka viraka vya mita moja, nikawa naviangalia asubuhi, mchana, jioni. Ile niliyoiona chafu kwenye kadi, kijivu cha udongo, ndo ikashinda. Matundu nikayaacha meupe, chini mkanda wa kahawia wa nusu mita sababu mvua inarusha udongo mwekundu. Ah, na chokaa ya zamani tuliikwangua kwanza, la sivyo ingebanduka yote.