Kupaki gari mtaani New York

Mitaa mingi ya makazi Brooklyn, Queens na Bronx haina mita za kupakia. Anayehamia na gari lake hudhani kapata cha bure, lakini malipo yapo, ila hulipwa kwa muda. Mara moja au mbili kwa wiki gari lazima litoke upande mmoja wa mtaa ili lori la kufagia lipite. Utaratibu huo ulianza Lower East Side, eneo la Manhattan, mwaka 1950, na hadi leo ndio unaowapangia asubuhi zao wenye magari.

Kibao chake kina herufi P iliyokatwa na fagio, pamoja na siku na saa. Mara nyingi ni saa moja na nusu: tuseme Jumatatu na Alhamisi, saa 5:30 asubuhi hadi saa 7:00 mchana, na upande wa pili ni Jumanne na Ijumaa. Angalia mshale, kisha tembea kutoka makutano hadi makutano ukisoma nguzo zote. Usiruke hatua hii, kwani kibao kimoja popote kati ya makutano mawili kinatosha kisheria. Kujitetea kwamba penye gari lako hakikuwepo hakusaidii. Vibao viwili vikigongana, kilicho kikali zaidi ndicho kinachoshika.

Maneno nayo yana ngazi. Penye No Parking unaruhusiwa kusimama kidogo kushusha mizigo au abiria. No Standing ni abiria tu. No Stopping, hata abiria usimshushe.

Saa ya fagio ikikaribia utaona magari yamehamia ng'ambo na kupangwa mstari wa pili, namba ya simu ikiwa kwenye dashibodi ili aliyezibwa apige. Ni kosa siku zote, faini dola 115. Mtaa mmoja watakuvumilia, wa jirani watakuandikia. Wengi hukaa ndani ya gari, wakasogea lori likija na kurudi likishapita, na hilo ndilo ningelipendekeza. Usishuke mara tu lori linapopita: zuio linadumu mpaka saa ya kibao iishe. Na zima injini, maana kuunguruma ukiwa umesimama zaidi ya dakika tatu ni kosa lingine, na jirani na shule ni dakika moja tu.

Bomba la zimamoto ndilo linalowanasa wageni zaidi. Sheria inataka futi 15 kila upande, kama mita 4.5, na kwa kawaida ukingo haupakwi rangi wala haiwekwi alama. Kipimo rahisi ni Toyota Corolla: ina urefu wa futi 15 na ushee, basi acha nafasi ya Corolla nzima kati yako na bomba. Ukiona pengo zuri lisilo na gari jioni, tafuta bomba kwanza kabla ya kushukuru Mungu.

Idi al-Fitr na Idi al-Adha fagio husimamishwa, lakini mita huendelea kulipiwa. Mita hupumzika Jumapili na sikukuu kubwa kama Krismasi. Ukiwa na shaka, piga 311, simu ya huduma za jiji.

Usibebe sheria hizi kwenda mji mwingine. Chicago, kuanzia Desemba 1 hadi Aprili 1, baadhi ya barabara kuu hazipakiwi kati ya saa 9 usiku na saa 1 asubuhi, theluji iwepo isiwepo, na gari huvutwa. San Francisco shida ni vilima. Mteremko ukizidi asilimia 3, unaposhuka geuza magurudumu ya mbele kuelekea ukingo. Unapopanda, yageuze kuelekea barabarani, kisha liachie gari lirudi taratibu mpaka tairi liguse ukingo. Ukiacha magurudumu yamenyooka utaandikiwa faini, hata handbreki ikiwa imevutwa.