Nukta sifuri nne

Kuna sentensi ya mzee imenikaa kooni tangu Alhamisi. Mnamjua mzee wangu, hana maneno mengi. Akitoa moja, utalitafuna wiki nzima.

Alhamisi ilikuwa Nane Nane. Wenzangu wa ofisini waliobahatika walishuka Arusha, viwanja vya Themi, kuangalia ng'ombe na kula mishikaki. Mimi bosi alinipa siku moja tu katikati ya msimu huu wa wageni, na alinipa kwa kununa, nikaona bora nikamsalimie baba. Hiace mpaka Marangu Mtoni, halafu bodaboda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, dereva kawasha taa saa nne asubuhi. Kabla hata sijashuka kwenye Hiace nilikuwa nimeshaisoma kwenye simu ile taarifa niliyokuwa naisubiri.

Ugonjwa wangu huu mnaujua, niliupatia kazini. Kila mgeni anayekuja kupanda mlima anauliza kama barafu ya Kibo, kile kilele kikubwa cha Kilimanjaro, bado ipo. Nikachoka kujibu "ipo, ipo" kama muuza nyanya, nikaanza kusoma. Mwaka 1912 barafu ile ilifunika kama kilomita 12 za mraba. Miaka mia baadaye hazikufika hata 2. Ukishasoma hilo huwezi kuishia hapo, nikajikuta kila mwanzo wa mwezi nasubiri taarifa ya Copernicus, ile huduma ya Umoja wa Ulaya inayofuatilia joto la dunia. Kuanzia Juni 2023 ikawa wimbo mmoja: Juni yenye joto kuliko Juni zote walizonazo kwenye rekodi, Julai vilevile, Agosti vilevile, hadi Juni ya mwaka huu wa 2024. Miezi 13 mfululizo. Hali ya kufanana na hiyo ilitokea 2015 na 2016, nayo ilikuja na El Niño, ule wakati maji ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida, kama hii iliyotuloweshea vuli ya mwaka jana, Desemba ile matope yalipoporomoka kule Hanang.

Sasa Julai 2024 imetoka. Wastani wa dunia nyuzi 16.91. Julai ya mwaka jana ilikuwa 16.95. Mfululizo umekatika.

Basi nafika nyumbani, namkuta mzee amesimama barazani amevaa koti. Lile la kijani, zito, alilopewa kiwandani enzi kahawa ikiwa kahawa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeiona baridi? Imerudi. Mambo yamekaa sawa sasa."

Ningeweza kusema ndiyo baba, nikaingia jikoni kuweka maji ya chai. Lakini simu ilikuwa bado mkononi.

"Haijarudi baba. Dunia imepoa nukta sifuri nne tu."

"Nukta sifuri nne ya nini?"

"Ya nyuzi moja."

Akanyamaza. Akaangalia chini, akafunga kifungo cha juu cha koti, taratibu, vidole vyake siku hizi haviwahi tundu. Halafu akasema: "Na wewe umepanda gari kutoka Moshi kuja kuniambia hivyo."

Akageuka kwenda kuangalia wachumaji kahawa. Basi. Siku nzima tukaongea mengine.

Tangu hapo nimeirudia hiyo sentensi kwa sauti zote. Nimeisema kwa hasira, nimeisema kwa utani, nimeisema kama mtu anayeuliza na kama mtu aliyechoka. Shida ni ile "na wewe" ya mwanzo. Angesema tu "umepanda gari", ningecheka. "Na wewe" maana yake kuna wengine waliomkera kabla yangu, mimi nimejiunga nao. Nilimpigia Neema, akasema si alikuwa anakutania jamani, baba ndivyo alivyo. Neema yuko Dar, kwake baba ni mtani. Baba Brayan yeye hakuinua hata macho kwenye mpira: "Kwani ulimbebea nini?" Nilimbebea sukari, mkate na nyama kilo moja. Inaonekana kilichopokelewa ni nukta.

Na nilikuwa na lingine la kumwambia, akaniwahi. Siku yenye joto kubwa kuliko zote kwenye kumbukumbu zao iliangukia mwezi huohuo wa Julai, tarehe 22, nyuzi 17.16. Yaani ndani ya mwezi uliokata mfululizo. Tena Julai yenyewe ni ya pili kwa joto katika Julai zote, imepitwa na ya mwaka jana peke yake. El Niño imeisha, bahari ya Pasifiki imetulia, lakini kilichokuwa kinapandisha joto kabla yake bado kipo palepale, moshi ni uleule. Hilo sirudi nyuma. Na baridi ya Marangu ya Julai na Agosti ni ya kila mwaka: jua liko kaskazini, upepo wa kusi unaleta mawingu yanagandia upande wetu wa mlima, wiki nzima huoni Kibo wala Mawenzi. Haina habari na wastani wa dunia. Nilitaka kumweleza yote hayo. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kabisa kwenye Hiace.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: gari letu moja limeua injini njiani kwenda geti la Machame na wageni sita ndani, shangazi Eli amelazwa na kuruhusiwa, Brayan ameng'oka jino la mbele. Vyote vimepita hivihivi. Mimi na sentensi.

Jana usiku nilikuwa napiga pasi sare za shule, nikakumbuka Februari. Nilimkuta mzee amelala barazani kwenye mkeka mchana kweupe, shati pembeni, mtu ambaye sisi watoto wake hatukuwahi kumwona bila shati. Lile koti alikuwa amelikunja vizuri, kalifunga kwenye mfuko wa nailoni, kaliweka juu ya kabati. Akaniambia, "Hili mtanizika nalo, maana kulivaa sidhani tena." Nilicheka, nikamwambia baba acha hizo, tukaongea habari za mbolea.

Sasa nikaiona ile asubuhi upya. Mzee hakuwa anaongelea dunia. Alikuwa ananionyesha koti! Alisimama pale barazani, bila shaka tangu niliposema kwa simu nimefika Mtoni, amelivaa, ananisubiri nilione. Na kwa kweli lilimkaa vizuri. Kwapani limechanika kidogo, shingoni linanuka dawa ya nondo, lakini amesimama ndani yake kama karani wa zamani.

Nilicheka peke yangu mpaka Baba Brayan akauliza kulikoni. Leo asubuhi nikampigia mzee, sikutaja nyuzi. Nikamuuliza koti kama linahitaji kushonwa kwapani, nije na uzi. Akasema kifungo cha chini nacho kinalegea. Halafu, kabla hajakata: "Na huo mwezi wa nane nao ukitoka, utaniambia." Sijui kama ni utani. Safari hii sitaki kujua.

Kinachonikosesha raha saa hizi ni kikoba. Jumamosi tunavunja, na simu ya mweka hazina haipatikani tangu jana mchana. Mama Glory anasema kaenda msibani Rombo, kule mtandao unasumbua. Rombo gani hiyo ambayo status yake ya WhatsApp inabadilika?